"Call off" si simu kuzimwa

Kijana mmoja anayetembeza wageni hapa Bagamoyo alipata ujumbe usiku: "We have to call off the trip." Call aliijua ni simu, off aliijua ni kuzima. Akaelewa kwamba wageni wanazima simu walale, wataonana asubuhi. Alfajiri alikuwa pwani na nahodha, mafuta wameshanunua, wakangoja mpaka maji yakapwa na mashua ikapwelewa. Kumbe safari ilishavunjwa tangu jana yake.

Kutafsiri neno mojamoja ndilo kosa ninalolikuta zaidi ninapowafundisha vijana hawa. Mbona sisi tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia? Maana imo katika maneno mawili yakiwa pamoja. Call off ni kufuta jambo lililopangwa, au kusitisha lililokwisha kuanza: harusi, mkutano, mgomo, hata msako wa mtu aliyepotea baharini. Kwetu neno lililo karibu nayo kabisa ni kuvunja, kama tunavyovunja safari au uchumba.

Wengine huichanganya na put off, na hapo ndipo hela za watu zinapopotea. Put off ni kuahirisha. Mgeni akiandika kwamba safari ni put off hadi Ijumaa, nahodha umwekee Ijumaa yake. Akiandika called off, mtafutie abiria wengine mapema. Kwenye mpira, mechi iliyokuwa called off kwa sababu ya mvua huweza kupangiwa tarehe nyingine, lakini tarehe hiyo lazima itajwe kivyake. Call off yenyewe haiahidi kitu.

Eti ni lugha ya mtaani? Si kweli. Magazeti ya Uingereza huiandika bila wasiwasi mgomo unapositishwa. Ila kwa tiketi au chumba cha hoteli, Waingereza husema cancel.

Na mpangilio wake: "call off the trip" ni sahihi, "call the trip off" pia ni sahihi. Ukiweka it, lazima ikae katikati, "call it off". "Call off it" hakuna asemaye.

Yule kijana siku hizi ujumbe wa namna hiyo ukiingia huuliza kwanza, "Called off or put off?" Akishajibiwa ndipo anampigia nahodha.