Mwalimu, mbona daftari la muziki la mwanangu jeupe?

Wiki iliyopita nilishuka soko la Kirumba hapa Mwanza kutafuta sato, kuna mama huwa ananiuzia na mtoto wake niko nae darasa la pili, kabla hata sijauliza bei akaniwahi: "Mwalimu, ivi huo muziki mnafundisha kweli? Mbona daftari la mwanangu jeupe, toka mwezi wa kwanza hamjaandika kitu?" Nikacheka, nikamwambia hajakosa kitu mama, vumilia kidogo. Akaniparulia samaki wangu vizuri tu ila hakuridhika, niliona. Kwahiyo wacha niandike hapa, maana sio yeye peke yake, wazazi wengi wanajua somo la muziki ni kuwaandaa watoto waimbe siku ya mahafali basi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini mimi ndo nilikuwa mtu wa madaftari. Nachora mistari mitano ubaoni, na nota zake, semibrevi, minimu, krocheti, hii ina mapigo manne hii mawili hii moja, watoto wananakili wengine na rula kabisa, ukiyaona yale madaftari utapenda. Siku nikawaambia haya sasa tupige makofi hicho mlichoandika. Kimya. Darasa zima wananiangalia mimi nipige kwanza. Walikuwa wamechora picha za vijiti vyenye vichwa, hakuna aliyesikia kitu ndani yake, na kosa halikuwa lao.

Siku hizi naanza na miguu. Tunatoka nje chini ya mwembe, darasani watoto 80 hawatoshi, tunapiga hatua palepale, kushoto kulia, mwendo mmoja, hakuna kukimbia hakuna kuchelewa. Hilo ndo pigo. Halafu juu yake tunapanga samaki. Hatua moja unatamka "nzi", sauti moja (najua nzi sio samaki ila sokoni wapo, na neno la silabi moja kwa Kiswahili unalitafuta kwa tochi). Hatua moja "sato", sauti mbili. Hatua moja "sangara", sauti tatu. Mguu haubadiliki, mdomo ndo unabadilika, na hapo ndo kwenye kazi maana mtoto akifika kwenye sangara mguu nao unataka kukimbia, inabidi aujue mguu ni wa kwake na mdomo ni wa kwake. Akishaweza hilo ameshapata kitu ambacho wanakwaya wazima wengine hawana, mtu anaimba haleluya mpaka anamwacha mpiga kinanda nyuma.

Wakizoea nawagawa, kundi hili sato, kundi lile sangara, wote kwa pamoja. Mbili juu ya tatu. Watu waliojifunza kinanda kwa vitabu vya Ulaya hili linawatesa mpaka ukubwani, ila watoto wangu, hasa wale wenye mabibi huko Kisesa na Magu, wanalidaka siku hiyohiyo. Wameshasikia ngoma tangu wakiwa mgongoni. Bugobogobo, ile ngoma ya Kisukuma ya majembe, ukiitazama vizuri ni somo hilihili, jembe linashuka kwenye pigo, linarushwa, linadakwa, halafu wimbo unapita juu yake na mwendo wake mwenyewe. Mimi naona mwalimu wa Usukumani anayeanza na machi ya kushoto-kulia tu, bila kugusa mwendo wa tatu, anawarudisha watoto nyuma ya pale walipokuwa wamefika.

Sasa sauti. Mimi kanisani naimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake, na kwa miaka nilikuwa naanzisha wimbo pale panaponifaa mimi. Watoto wanaunguruma kule chini, mimi najisemea hawa hawana sauti. Kumbe sauti ya mtoto wa miaka sita mpaka nane inakaa juu, kuanzia ile D iliyo jirani na C ya katikati ya kinanda, kupanda mpaka A au B, ukimshusha chini ya hapo unamsikia anaongea tu. Walimu wa kiume nao wana tatizo lao, wakiimba wanakuwa oktevu nzima (yaani kutoka do mpaka do ya chini yake) chini ya mtoto na mtoto anajitahidi kumfuata hukohuko. Kwahiyo nina programu ya kinanda kwenye simu, nabonyeza ndo naanzisha. Na yule ambaye bado anaunguruma simwambii anyamaze, tunaigiza bodaboda inapanda mlima wa Bugando, vuuuuuu, kutoka chini mpaka juu. Mara nyingi ile sauti ya juu inatoka yenyewe, mtoto mwenyewe anashtuka.

Baada ya hapo ndo solfa, yaani kuziita sauti kwa majina, do re mi fa so la ti, kutoka chini kwenda juu, na tunaanza na mbili tu, so na mi. Njia hii imebeba jina la mtunzi wa muziki Zoltán Kodály wa Hungaria, na zile ishara za mikono tunazotumia, do ngumi, mi kiganja kimelala, so kiganja kinakutazama mwenyewe, zilitoka kwa mchungaji John Curwen wa Uingereza karne ya 19. Lakini msione ni mambo ya Wazungu tu, mwalimu mwenzetu Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sisi leo tunauimba Mungu Ibariki Afrika, alikuwa anaandika nyimbo zake kwa solfa, na kwaya nyingi tu hapa Mwanza zinasomea hiyohiyo mpaka leo.

Kuna vingine pia, kupokezana, kuimba kwa kufukuzana, kuimba kwa sauti ndogo bila kupunguza mwendo (watoto wanadhani ni kitu kimoja). Mvua ikipiga mabati tunaacha kuimba tunaisikiliza, inaanza vipi inaishaje, hapo sifundishi mimi.

Madaftari tumeyafungua Jumatatu hii. Nikawaambia kila mtu aandike sauti moja aliyoisikia nyumbani, kwa herufi za solfa, yoyote. Mtoto wa yule mama akaandika s s m, s s m, na chini yake sa-ma-ki, sa-ma-ki. Nikamuuliza hii ni nini, akasema "mama akiita wateja". Nimempa vema. Ukweli pale katikati mama yake huwa anapanda mpaka la, mimi namsikiaga, ila hiyo bado hatujaifikia.