Dhana Potofu Kuhusu Akili Mnemba, na Nani Hujibu Inapokosea

Wanaoisifu akili mnemba (AI) na wanaoiogopa wanakubaliana katika jambo moja bila wenyewe kujua: wote huizungumzia kana kwamba ni mtu mwenye nia yake, anayekuja kutuokoa au kutuangamiza. Hapa nimechukua dhana chache zinazosikika mara kwa mara, za upande wa ahadi na za upande wa hatari, nikaziweka mbele ya mambo yanayojulikana. Sikuzipa zote nafasi sawa, kwa sababu hazina uzito sawa.

Dhana: “Inajua, na ikisema jambo kwa uhakika basi ni kweli”

Mifumo ya maandishi kama ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, hulishwa maandishi mengi mno na kufunzwa kutabiri kipande cha neno kinachofuata. Msomaji wa Kiswahili akiona “haba na haba hujaza”, ulimi wake humalizia “kibaba” kabla hajafikiri lolote kuhusu vipimo vya nafaka. Mfumo hufanya kazi ya namna hiyo kwa kila sentensi unayoiandika na kila jibu unaloletewa. Kwa kuwa mambo yanayojulikana sana yameandikwa mara nyingi, majibu mengi hutoka sahihi. Shida huja mfumo unapoulizwa jambo ambalo halikuandikwa kwa wingi, kama historia ya kata fulani au uamuzi wa mahakama ya mkoa. Hapo haukwami wala hauoni haya. Hutoa jibu lenye umbo la jibu sahihi, lenye majina yanayofanana na majina ya watu na miaka inayofanana na miaka ya kweli. Maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache sana yakilinganishwa na ya Kiingereza, kwa hiyo anayeuliza kwa Kiswahili hana budi kuwa na tahadhari zaidi.

Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani hoja iliyonukuu kesi ambazo hazijawahi kusikilizwa popote duniani. ChatGPT ndiyo iliyozitunga, na mmoja wao alipoiuliza kama kesi hizo ni za kweli, ikamhakikishia kwamba ni za kweli. Jaji P. Kevin Castel hakusema kwamba ni kosa wakili kutumia chombo cha aina hiyo. Alisema kwamba wakili ndiye mlinzi wa mlango, anayewajibika kuhakikisha usahihi wa anachokiwasilisha, akawatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000.

Dhana: “Mashine haina ndugu wala kabila, kwa hiyo haibagui”

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inavutia zaidi katika nchi ambazo watu wamechoshwa na undugu na rushwa za maofisini. Mtu anayejua kwamba faili lake hukaa chini ya mengine mpaka atoe “chai” ana kila sababu ya kutamani meza isiyo na mtu. Lakini mashine hujifunza kutokana na kumbukumbu za maamuzi na picha za watu, na upendeleo uliomo humo huurithi wote, kisha huutekeleza kwa kasi ambayo karani hawezi kuifikia.

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zilizodai kutambua jinsia ya mtu kwa kutazama picha ya uso. Kwa wanaume weupe, kiwango cha makosa hakikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi kilifika hadi asilimia 34.7, yaani katika kila wanawake watatu, mmoja alitajwa kuwa mwanamume. Hakuna mhandisi aliyekaa akaandika amri ya kuwadharau wanawake weusi. Mikusanyo ya picha iliyokuwa ikitumika wakati huo kufunza na kupima programu za aina hiyo ilijaa nyuso za wanaume weupe, na makosa yalibaki yamefichwa ndani ya wastani mzuri, kwa kuwa hakuna aliyeyapima kundi kwa kundi.

Mfano mzito zaidi unatoka Uholanzi. Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ilitumia mfumo wa kompyuta kuchambua maombi ya posho ya malezi ya watoto na kuonesha yapi yana dalili za udanganyifu, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyompandishia mwombaji alama za hatari. Maelfu ya wazazi, wengi wao wenye asili ya nchi nyingine, walitakiwa kurejesha makumi ya maelfu ya euro, mara nyingine kwa sababu ya saini iliyokosekana au kasoro ndogo kwenye fomu. Familia zilifilisika, ndoa zikavunjika, na watoto zaidi ya 1,000 walichukuliwa na kuwekwa chini ya uangalizi wa serikali. Tarehe 15 Januari 2021 serikali ya Mark Rutte, waziri mkuu wa wakati huo, ilijiuzulu kwa ajili ya kashfa hiyo.

Yafaa kutazama kwa makini mashine ilifanya nini hasa katika mkasa huu. Kazi yake ilikuwa kuweka alama tu. Walioandika barua za madai walikuwa watu, waliokataa kusikiliza rufaa walikuwa watu, na sheria iliyotafsiriwa kwamba mzazi anyang’anywe posho nzima kwa kosa dogo ilipitishwa na wabunge. Alama ya kompyuta iliwapa wote hao mahali pa kuegemea. Ofisa aliyeulizwa kwa nini familia fulani inafuatiliwa hakuhitaji sababu nyingine, na mzazi aliyeuliza kosa lake ni lipi hakupata wa kumjibu. Atakayeleta mfumo kama huo katika ofisi zetu za ardhi, za bima ya afya au za mikopo ya wanafunzi, na aulizwe kwanza nani atamjibu mwananchi mfumo ukikosea, kabla hajaulizwa kasi yake wala bei yake.

Dhana: “Ahadi zote ni porojo za makampuni”

Porojo zipo nyingi, tena za ghali, lakini si zote. Wakulima wa mihogo wa Afrika Mashariki wanajua hasara ya ugonjwa wa batobato na ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huu wa pili ni mjanja: shina laweza kusimama vizuri, majani ya chini yakawa na manjano kidogo tu kando ya mishipa, na mkulima asishtuke mpaka siku ya kuvuna, anapokata muhogo na kukuta ndani umeoza kwa mabaka makavu ya rangi ya kahawia. Programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, IITA, hutazama jani kupitia kamera ya simu ya kawaida na kutaja ugonjwa hata mahali pasipo na mtandao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kwamba ikipewa jani moja hupatia kwa asilimia 65, na ikipewa majani sita ya mmea hupanda hadi kati ya asilimia 74 na 88, ikiwazidi mabwana shamba na wakulima wenyewe waliopimwa kwa picha.

Takwimu hizo zinapendeza kwa sababu hazijifichi. Tunajua inakosea mara ngapi, tunajua dawa ya kosa hilo ni kupiga picha majani zaidi, na mkulima anaweza kung’oa shina moja akahakikisha kwa macho yake. Kwa sababu ya namna hiyo hiyo, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu kusoma eksirei za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Anayeonekana kuwa na dalili bado hupelekwa kupimwa makohozi.

Dhana: “Kazi zote zitakwisha”

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, alisema kwamba vyuo viache mara moja kufundisha madaktari wa eksirei, kwa kuwa ndani ya miaka mitano kompyuta ingewapita. Miaka mitano ikapita, na hospitali nyingi duniani bado zinawatafuta madaktari hao. Kusoma picha ni sehemu moja tu ya kazi yao. Hata hivyo, asifarijike kupita kiasi mfasiri, mwandishi wa matangazo au mtoa huduma kwa simu, kwa sababu kazi zao zimeshaanza kupunguzwa bei.

Kinachosahauliwa ni kazi zinazozaliwa, na hali zake. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana jijini Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa mkataba wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, walikuwa wakisoma na kuainisha maandishi ya mauaji, mateso na unyanyasaji wa watoto ili mfumo ujifunze kuyaepuka, na walibakiwa na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Adabu ya mashine, basi, imejengwa na watu waliolala na jinamizi.

Dhana: “Sauti ya ndugu yangu naijua, siwezi kudanganywa”

Ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” umewaliza Watanzania wengi bila sauti wala picha yoyote. Sasa sauti inaweza kuigwa kutokana na rekodi fupi. Mapema mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong aliingia katika kikao cha video, akawaona na kuwasikia wakubwa wake, akahamisha takribani dola milioni 25. Wote aliowaona kikaoni walikuwa wa kughushi. Kinga iliyopo ni ya kizamani: kata simu, kisha mpigie mhusika mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.

Dhana: “Hatari yenyewe ni siku mashine zitakapoasi”

Jambo hili wataalamu wenyewe hawajaafikiana. Hinton aliondoka Google mwaka 2023 ili aweze kuonya kwa uhuru, na mtafiti mwenzake Yoshua Bengio ana hofu kama yake. Yann LeCun, aliyegawana nao tuzo ya Turing ya mwaka 2018, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, anaiona hofu hiyo imetiwa chumvi. Si haki kuwacheka wanaoonya. Ila wazazi wa Uholanzi hawakungoja mashine iasi. Mfumo uliowaumiza ulikuwa mtiifu kabisa.

Dhana: “Hakuna sheria inayogusa mambo haya”

Umoja wa Ulaya una sheria mahsusi iliyopata nguvu ya kisheria tarehe 1 Agosti 2024. Huku kwetu, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kifungu cha 35 cha sheria ya Kenya kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliotolewa na mashine peke yake, ikiwa uamuzi huo una athari za kisheria au unamgusa kwa uzito. Mwenye mfumo anatakiwa kumjulisha kwa maandishi kwamba uamuzi ulitolewa hivyo, na mhusika anaweza kuomba ufikiriwe upya au utolewe mwingine usiotegemea mashine pekee.

Mikopo ya simu ndiyo mahali pa karibu pa kuijaribu haki hiyo. Tangu M-Shwari ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Novemba 2012, mamilioni ya watu wamepimwa na kompyuta kwa jinsi wanavyotumia simu na kutuma pesa, bila ya ofisa wa mikopo kuwatazama usoni. Aliyekataliwa mara nyingi hupata ujumbe wa mstari mmoja usiotaja sababu. Kifungu kinamruhusu kuandika barua kudai ombi lake litazamwe na mtu, lakini sharti ajue kwanza kwamba aliyemkataa hakuwa mtu, na ujumbe wa mstari mmoja haumwambii hilo.