Wamisionari Vijana wa Kimormoni Hawalipwi Mshahara

Wapo wakazi wa Dar es Salaam wanaoamini kwamba wale vijana wa kigeni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), wanaotembea wawili wawili juani wakiwa na tai na vibao vyeusi vya majina kifuani, wanavuna dola. Sivyo. Gharama hutoka kwao au kwa familia zao, na mwezi Julai 2020 mchango wa wanaotoka Marekani ulipandishwa hadi dola 500 kwa mwezi. Wala hawachagui nchi, wala mwenzao wa kutembea naye. Mvulana hutumikia miezi 24, msichana 18, na kabla ya Februari 2019 kupiga simu nyumbani kuliruhusiwa kwa nadra mno, jambo ambalo, kwa kijana wa miaka 18, naliona lilikuwa zito kuliko joto la jiji. Faida yao kubwa ni lugha: wengi huondoka wakikijua Kiswahili.