Madigadi ya Nyuma na Kiti cha Springi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayefika Grogan au Kariobangi Light Industries jijini Nairobi akitaka pikipiki yake ing'olewe kiti kirefu na madigadi ya plastiki, kisha iwekewe madigadi fupi ya chuma na kiti cha mtu mmoja kilichobebwa na springi mbili, hakosi fundi wa kumfanyia kazi hiyo. Anachokosa mara nyingi ni maelezo ya kweli, kwa maana mazungumzo mengi kuhusu pikipiki za aina hiyo huishia kwenye sura yake, ilhali uzito wa mpanda, mwendo wa gurudumu na mtetemo wa injini vyote hukutania hapo hapo kwenye kiti na madigadi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kiti kikishapata springi, shoki za nyuma, yaani vizuia mdundo vinavyounganisha gurudumu na fremu, hazina kazi tena, na kwamba zinaweza kutolewa na mahali pake pakafungwa vyuma vigumu ili pikipiki ishuke na ipendeze. Wanaoamini hivyo hutaja pikipiki za zamani, na ni kweli kwamba nyingi za Uingereza na Marekani kabla ya miaka ya 1950 zilikuwa na fremu ngumu upande wa nyuma, mpanda akikalia tandiko la springi. Lakini watengenezaji wenyewe waliuacha mpangilio huo walipopata ulio bora: Royal Enfield Bullet, kwa mfano, ilikuwa na shoki za nyuma kufikia mwaka wa 1949. Springi ya kiti humkinga mpanda peke yake. Gurudumu likigonga tuta, fremu, injini, tangi na betri hurushwa kwa pamoja, na tairi lililo hewani halishiki barabara wala breki yake haisaidii kitu. Shoki huliacha gurudumu lipande na kushuka huku sehemu kubwa ya pikipiki ikiwa imetulia, na mafuta yaliyomo ndani yake huuzima mdundo. Springi za kiti hazina mafuta hayo, kwa hiyo zikibonyezwa huendelea kudunda. Hata Harley-Davidson Softail, zilizoanza kuuzwa kama modeli za 1984, na Triumph Bonneville Bobber iliyozinduliwa 2016, ambazo ukizitazama utadhani hazina shoki nyuma, zina shoki zilizofichwa. Kwa mtu anayevuka matuta ya Eastlands asubuhi na jioni, sioni sababu ya kujirudisha kwenye taabu ambayo hata watengenezaji wa zamani waliikimbia.

Wengine huenda upande wa pili: huziacha shoki zilivyo, kisha huchagua springi laini kabisa za kiti wakidhani kwamba ulaini ndio starehe. Springi laini hubonyea hadi mwisho kwenye tuta la kwanza, na pigo linalofuata humfikia mpanda uti wa mgongo bila kizuizi chochote. Tena mwendo wake hujumlika na ule wa shoki, hata pikipiki ikawa inayumba kwenye kona. Pikipiki iliyo na shoki nzuri inahitaji springi fupi na ngumu kiasi. Zile za tandiko la baiskeli ya Black Mamba, ambazo baadhi ya watu huzihamisha kwa kuwa ni rahisi kupatikana, zilikusudiwa mtu anayekwenda polepole na ambaye sehemu ya uzito wake iko kwenye pedali. Njia ya kuaminika ni mwenye pikipiki aketi mwenyewe kabla ya kulipia, akiangalia springi zisibonyee zaidi ya theluthi moja hivi ya mwendo wake. Afanye hivyo akiwa ameketi mahali atakapoketi barabarani, kwa sababu kiti kimeshikwa mbele kwa bawaba, na kadiri mtu anavyosogea nyuma ndivyo springi zinavyobeba zaidi. Bawaba yenyewe isiwe ya geti. Iwe bolti nene iliyopita ndani ya bushi, yaani kimrija kinachoizuia isisagike, yenye nati isiyolegezwa na mtetemo.

Kuhusu madigadi, husemwa kwamba kadiri inavyolikumbatia tairi ndivyo kazi inavyokuwa safi. Jibu linategemea imefungwa wapi. Ikifungwa kwenye uma unaoshika gurudumu la nyuma, hupanda na kushuka pamoja na tairi na inaweza kulikaribia, mradi isigonge kiti kikishuka. Ikifungwa kwenye fremu, tairi ndilo litakaloifuata, na nafasi inayoonekana pikipiki ikiwa imesimama haina maana yoyote. Fundi makini hufungua shoki, huinua gurudumu hadi mahali shoki ingekomea, kisha hupima. Hukumbuka pia kwamba mnyororo ukikazwa gurudumu husogea nyuma. Isitoshe, kuna udongo: kwenye barabara zisizo na lami za Utawala na Ruai, mvua za Machi hadi Mei huugeuza ule udongo mweusi kuwa bandiko linalojaa chini ya madigadi iliyobana mpaka gurudumu likakataa kuzunguka.

Bati zito pekee haliizuii madigadi kupasuka. Nyufa huanzia kwenye matundu ya bolti, hivyo kipande cha kuimarisha upande wa ndani, washa pana na mihimili miwili ya pembeni hufaa kuliko kuongeza unene.

Fremu ya nyuma huonwa na wengi kama mkia usio na kazi. Mkia ulio nyuma ya vishikio vya shoki unaweza kufupishwa. Ukikatwa mbele ya hapo, au vishikio vyenyewe vikiguswa, nguvu zote za gurudumu hukosa pa kushikia. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe nyaya zake, na bomba lililopakwa zinki lisuguliwe vizuri kwanza, kwa kuwa moshi wa zinki humletea fundi homa.

Dhana ya mwisho ni kwamba taa na namba vinaweza kungoja. Taa ya breki, indiketa na namba inayosomeka vinahitajika tangu siku ya kwanza, na waya wake upite ndani ya mrija mbali na tairi. Mabadiliko yanayogusa maelezo yaliyo kwenye kitabu cha usajili huarifiwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kampuni ya bima nayo ijulishwe. Kwa mwenye boda boda hesabu ni nyepesi zaidi: Sheria ya Trafiki inataka abiria akae kwenye kiti halisi kilichofungwa imara nyuma ya dereva, kwa hiyo pikipiki yenye kiti kimoja cha springi haiwezi kumbeba mteja, hata akikubali kukalia madigadi.