Je, Wajua Kwa Nini Sarufi za Kale za Kitibeti Zimesalia Mbili Tu?

Mapokeo ya Tibet yanasimulia kwamba katika karne ya 7 mfalme Songtsen Gampo alimtuma waziri wake, Thonmi Sambhota, kwenda India kusomea maandishi. Aliporudi akaunda konsonanti 30 na alama 4 za irabu, kisha akatunga vitabu 8 vya sarufi. Leo vipo 2 tu: Sumchupa, yaani "Thelathini", na Takjuk, kinachoeleza namna herufi zinavyopangana ndani ya neno. Vile 6, husimuliwa, vilipotea katika misukosuko ya karne ya 9, enzi ya Langdarma, mfalme anayekumbukwa kwa kuitesa dini ya Buddha na aliyeuawa mwaka 842.

Hivi viwili viliponaje? Ni vifupi mno, tena ni vya kishairi, na mashairi hukaa kichwani hata karatasi zikiungua. Tazama mfano mmoja. Sisi husema "kitabu cha", "mti wa", kwa kufuata ngeli. Kitibeti hutazama herufi inayomalizia neno lililotangulia. Likiishia kwa d, b au s, kiunganishi huwa "kyi". Likiishia kwa g au ng, huwa "gi". Likiishia kwa n, m, r au l, huwa "gyi". Ndiyo maana lugha ya Tibet huandikwa "bod kyi skad", kwani "bod", jina la Tibet, linaishia kwa d. Sumchupa inaligusa jambo hili kwa maneno machache sana, kiasi kwamba kila kizazi cha walimu kililazimika kulifafanua upya, na kila ufafanuzi ukawa umelihifadhi shairi lenyewe. Ufafanuzi mashuhuri kuliko yote, wa Situ Panchen, mtawa na msomi wa Kitibeti, ulikamilika mwaka 1744. Isitoshe, vitabu vyote viwili viliingizwa katika Tengyur, mkusanyo mkubwa wa maandiko ya Kibuddha, ambao ulinakiliwa kwa mkono na baadaye kuchongwa kwenye vibao vya mbao ili uchapwe.

Hata hivyo, nyaraka za Kitibeti zilizofungiwa katika pango la Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China, tangu mwanzoni mwa karne ya 11 hadi mwaka 1900 hazimtaji Thonmi. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu, akiwemo Roy Andrew Miller, walitilia shaka kwamba vitabu hivyo ni vya karne ya 7, au hata kwamba vyote viwili ni vya mtu mmoja. Nami naona shaka hiyo ina uzito: huenda vile 6 havikuwahi kuandikwa.