Kushuka Lushoto hadi Mombo kwa baiskeli: kasi, breki na kona

Barabara ya Lushoto kwenda Mombo ina urefu wa kilomita zipatazo 33. Juu uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwenye baridi na ukungu wa Usambara. Chini uko kwenye joto la tambarare ya mkonge, chini ya mita 500. Utamu wenyewe unaanza ukishaipita Soni: kona juu ya kona, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na miguu haina kazi ya kukanyaga.

Anayeshuka vizuri hapa anasikia upepo ukigeuka kutoka mnong'ono kuwa ngurumo masikioni, tairi zinaimba, macho yanatoa machozi, na kila kona inafika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Wengi hudhani anayeonja raha hii zaidi ni yule asiyegusa breki. Mimi nasema kinyume chake. Anayeshuka kwa kasi kubwa ni yule mwenye breki anazoziamini, anayejua zitamsimamisha kwa mita ngapi. Asiye na uhakika hubana breki njia nzima, huchoka mikono, huchemsha rimu, na bado huingia kwenye kona akiwa na kasi isiyofaa.

Tuanze na hesabu. Chukua mwendeshaji na baiskeli yake wenye uzito wa kilo 85 kwa pamoja, kwenye mteremko wa asilimia 7, yaani barabara inashuka mita 7 kwa kila mita 100. Ukiacha baiskeli ijiendee, itaongeza kasi mpaka upepo unaokusukuma nyuma ulingane na uzito unaokuvuta chini. Ukikaa wima kwenye baiskeli ya kawaida, kasi hiyo ni kama kilomita 46 kwa saa. Ukiinama kwenye usukani wa mbio, mikono kwenye pembe za chini, inafika 62. Ukijikunja hasa, kidevu karibu na usukani, viwiko ndani na magoti yamebana fremu, unapita 70. Baiskeli ni ileile na mteremko ni uleule. Kilichobadilika ni ukubwa wa kifua unachouonyesha upepo.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Julai 2016, kwenye Tour de France, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kujifunza mbio za baiskeli Kenya chini ya David Kinjah, aliwachomoka wenzake kwenye kilele cha mlima Peyresourde, Ufaransa, akakalia bomba la juu la fremu badala ya kiti na kukanyaga akiwa hivyo hivyo. Alishinda mbio za siku ile kwa sekunde 13. Kuanzia Aprili 2021 shirikisho la kimataifa, UCI, limepiga marufuku mkao huo mashindanoni, na nadhani wamefanya sawa. Ukikalia bomba, uzito wote unahamia gurudumu la mbele, na ukikutana na shimo huna pa kuponea. Kwenye barabara yenye mabasi na malori ya mboga, usiujaribu kabisa.

Sasa breki, ndiko kwenye kazi. Kutoka Lushoto hadi Mombo, kilo 85 zinaachia nguvu inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji. Nguvu hiyo lazima iende mahali: ama kwenye upepo, ama kwenye breki. Kwenye ule mteremko wa asilimia 7, ukishuka kwa kilomita 60 kwa saa, upepo unabeba karibu mzigo wote, na breki zinabakiwa na kama wati 50. Ukijizuia kwenye kilomita 30 kwa saa, breki zinabeba kama wati 345 mfululizo. Kasi inayozitesa breki kuliko zote ni ya hapo katikati, kama kilomita 35 kwa saa, ambayo ndiyo mwoga huichagua akidhani anajiokoa. Rimu ikipata moto, gundi ya viraka inalainika na kiraka kinaachia. Hewa ndani ya tyubu nayo inatanuka, na tairi iliyojazwa kupita kiasi inaweza kuruka kwenye rimu. Kwa breki za diski, diski inabadilika rangi kuwa ya samawati, pedi zake zinakuwa na uso wa kioo usioshika, na kama ni breki za mafuta na mafuta ni ya zamani, yanaweza kuchemka na kishikio kikazama mpaka kwenye usukani bila kitu.

Dawa ni kubana kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha kuachia kabisa. Sekunde mbili au tatu za kubana kabla ya kona, kisha upepo upoze rimu kwenye mnyoofu.

Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Najua mafundi wengi wa mitaani huwaambia watoto wasiiguse, kwa hofu ya kupinduka, na matokeo yake tuna watu wazima wanaoshuka mlima kwa breki ya nyuma peke yake. Tazama tofauti. Kutoka kilomita 60 kwa saa kwenye mteremko wa asilimia 7, ukitumia zote mbili vizuri, lami ikiwa kavu, unasimama kwa kama mita 33 tangu breki zishike. Ukitumia ya nyuma tu, ni karibu mita 80, kwa sababu unapobana, uzito unahamia mbele na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, linateleza badala ya kushika. Ongeza na sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwa kasi hiyo ni mita 17 nyingine. Kupinduka kunatokea pale mtu anapokamata breki ya mbele ghafla huku mikono imelegea na makalio yako mbele ya kiti. Sukuma makalio nyuma, kaza mikono kidogo, bana kama unakamua chungwa: taratibu mwanzoni, kisha kwa nguvu. Gurudumu la nyuma likianza kuteleza au kunyanyuka, legeza breki ya mbele kidogo. Na kabla ya yote hakikisha kishikio cha mbele kiko mkono gani, maana baiskeli za mtumba zinatoka nchi mbalimbali na mpangilio si mmoja.

Jifunzie kwenye mteremko mdogo usio na magari. Weka alama chini, ifikie ukiwa na kilomita 30 kwa saa, bana, kisha pima. Ukisimama ndani ya mita 10 kila mara bila kuteleza, mikono yako iko tayari. Ukihitaji 15, rudi kwa fundi au rudi kujifunza.

Wenye baiskeli nyeusi za inchi 28 zenye breki za vyuma, ile Phoenix au wanayoiita Black Mamba kule Kenya, wana hesabu yao. Raba zinavutwa juu kubana rimu ya chuma kwa ndani. Zikiwa kavu zinafanya kazi ya kuridhisha. Rimu ya chuma ikilowa, raba inateleza juu yake kama sabuni, na hakuna kurekebisha kutakakoondoa hilo. Kwa baiskeli hiyo mimi sipendekezi zaidi ya kilomita 30 kwa saa mlimani, na mvua ikinyesha, shuka utembee nayo. Ikiwa na gunia la mkaa kwenye keria hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu nguvu ya breki ni ileile lakini uzito umeongezeka: ukiongeza uzito maradufu, umbali wa kusimama nao unakaribia maradufu au kuzidi. Wale wabeba ndizi wa Burundi wanaoteremka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura huonekana kama wanacheza, lakini ni watu wanaoijua kila kona ya njia ile, na hata hivyo huumia.

Kabla ya kushuka, kagua hivi. Kamata breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma: ukisikia kitu kinagonga chini ya usukani, beringi za shingo zimelegea, kaza. Shika kila gurudumu juu na ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, goroli za habu zinahitaji kukazwa. Gonga spoku mbili mbili, ile inayolia hovyo imelegea. Raba za breki zikae milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye rimu, zisiguse tairi hata kidogo, na ncha ya mbele itangulie kugusa kwa unene wa kama nusu milimita, ndipo hazitapiga kelele. Chokoa kwa sindano vipande vya alumini vilivyonasa ndani ya raba, maana hivyo ndivyo vinavyokwangua rimu. Waya wa breki wenye uzi mmoja uliokatika ubadilishwe leo. Tairi za milimita 28 kwa mtu wa kilo 70, ninazijaza hewa psi (kipimo cha presha) 65 hadi 70 mbele na nyuma kama 75. Wanaojaza 110 wakidhani ndiyo kasi hupata baiskeli inayorukaruka, na tairi iliyo hewani haina breki. Usishuke na kiraka kwenye tyubu ya mbele kama una nzima mfukoni.

Kona zina mtego wa macho. Ukishuka kwa kilomita 60 kwa saa kwa dakika kadhaa, ubongo unazoea, na ukipunguza hadi 40 unahisi kama unatembea. Kumbe kona yenye nusu kipenyo cha mita 15 ukiipiga kwa 30 unalala nyuzi 25, ukiipiga kwa 40 unalala nyuzi 40, na hapo lami kavu imekaribia mwisho wa kushika. Kilomita 10 tu zinatenganisha starehe na korongo. Kwa hiyo usiamini hisia, amini macho. Tazama mbali, pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Pakiwa panakusogelea, kona inabana, endelea kubana breki. Pakianza kukukimbia, kona inafunguka, achia. Breki zote zimalizike kabla hujalaza baiskeli. Ukibana breki ya mbele ukiwa umelala, tairi inaondoka chini yako bila taarifa.

Ukiwa umelaza, pedeli ya nje iwe chini kabisa na uikanyage kwa uzito wako wote. Ya ndani iwe juu isije ikagonga lami. Sisi tunaendesha kushoto, hivyo kona ya kushoto ndiyo inayobana. Ianze karibu na mstari wa katikati, subiri mpaka uone inakotokea, ndipo uisogelee kingo ya kushoto. Kona ya kulia ianzie kushoto, lakini usiulambe mstari wa katikati. Magurudumu yako yakiwa juu ya mstari na umelala kulia, kichwa chako kiko upande wa basi linalopanda. Majani makavu, changarawe zilizosombwa na mvua, dizeli iliyomwagika kwenye kona ambako malori yanalalama kupanda: hivyo vyote hupunguza kushika, na ukungu wa asubuhi huvifanya vyote viteleze zaidi.

Baiskeli kutikisika usukani ndiyo inayowatisha wengi kuliko vyote. Ghafla, kwenye 50 au 60, usukani unaanza kutetemeka kushoto na kulia, na kadiri unavyoukaza ndivyo unavyozidi. Chanzo huwa shingo iliyolegea, gurudumu lililopinda, mzigo mzito nyuma, au mwili wenyewe kutetemeka kwa baridi. Kwenye mnyoofu bana bomba la juu kwa magoti yote mawili, nyanyua makalio kidogo kutoka kwenye kiti, legeza mikono, na punguza kasi kwa upole. Magoti ndiyo yanayoua mtetemo. Baridi nayo izuie mapema: koti la upepo, au gazeti kifuani chini ya fulana kama wafanyavyo wazee wa mbio. Vidole vilivyoganda havibani breki.

Tairi ya mbele ikiisha hewa ukiwa kwenye kasi, usiguse breki ya mbele na usikate kona. Nyoosha, tumia ya nyuma, acha baiskeli ijichokee.

Kofia ngumu ikae mlalo juu ya paji la uso, vidole viwili tu kati ya nyusi na ukingo wake. Miwani si urembo, mdudu mmoja jichoni kwenye 60 anakufunga macho yote mawili. Hata waliobobea hufikwa: Sule Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio za barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani.

Ukifika Mombo usishike diski wala rimu kwa kidole, mwagia tone la maji. Likichemka papo hapo, umeshuka ukiwa umebana breki muda mrefu mno. Ngoja zipoe, kisha tazama raba kama zimeng'aa, na upapase viraka vyako kabla hujaipandisha baiskeli kwenye keria ya basi la kurudi juu.