Mtoto wa miaka mitatu hajachelewa shule

Kila mwaka unapoelekea ukingoni na usajili wa Januari unapoanza, wazazi huniletea watoto wa miaka miwili na nusu au mitatu wakiwa na hofu ileile, kwamba mtoto amechelewa. "Mwalimu, mtoto wa jirani anaandika jina lake na anahesabu hadi hamsini, wa kwangu hata penseli hajui kuishika." Nimefundisha elimu ya awali Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kujua kwamba hofu hiyo haitokani na mtoto mwenyewe. Inatoka kwa majirani, kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, na kwa shule ambazo zimekwisha kugundua kwamba daftari lililojaa herufi ndilo linalomshawishi mzazi kulipa ada ya muhula unaofuata. Naandika kwa sababu watoto wengi wanaumia kwa imani hii, na wanaowaumiza ni watu wanaowapenda.

"Anayeanza kuandika mapema ndiye atakayekuwa na akili"

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, na nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa nyingi nyingine zimezaliwa nayo.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa yote minane huwa bado ni gegedu, kisha hugeuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine. Miwili huanza katika miezi ya mwanzo, mitatu husubiri hadi mtoto awe na umri wa kati ya miaka 4 na 6, na wa mwisho hauanzi hadi miaka 8 au zaidi. Kwa hiyo anapolazimishwa kuandika mistari kumi ya herufi "a", mtoto wa miaka mitatu huishika penseli kwa ngumi, huuzungusha mkono mzima kuanzia begani, na hukandamiza hadi karatasi inachanika. Hapo mwalimu humshika mkono na kumwandikia, au humchorea nukta ili azifuatishe, na jioni mzazi hufungua daftari akaona kazi nzuri yenye alama ya vema. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Macho na mikono ya mtoto hufuata utaratibu unaofahamika vizuri. Kwa kawaida mtoto wa miaka 3 huweza kuiga duara, wa miaka 4 huiga msalaba, na anapokaribia au kutimiza miaka 5 huiga mraba, ndipo pembetatu inapofuata. Mistari ya mshazari ndiyo ya mwisho kukaa sawa, na mzazi akizitazama herufi "k", "v", "w" na "y" ataelewa mara moja kwa nini mtoto anayeweza kuandika "o" safi anaivuruga "k" kila siku. Hana uvivu wala akili nzito, bali anadaiwa kitu ambacho mwili wake haujafika.

Mkono unaojiandaa kuandika hujengwa na kazi ambazo wazazi wengi huziona ni za kupotezea muda: kumenya njegere, kuchambua choroko, kufinyanga udongo, kukamua kitambaa kilicholowa, kufunga na kufungua vifungo vya shati. Mtoto aliyezifanya kazi hizo kwa miaka miwili huja darasa la awali akiwa na vidole vyenye nguvu, na hujifunza herufi kwa wepesi ambao yule aliyefuatishishwa nukta tangu beibi klasi hana, kwa kuwa huyo wa pili mara nyingi amekwisha kuizoea ngumi yake na kuichukia penseli.

Kuhesabu ni vivyo hivyo. Mtoto anayetamka moja hadi hamsini bila kukosea amejifunza wimbo, na wimbo si vibaya, lakini hesabu ni jambo jingine. Mtandikie vizibo vya soda sakafuni umwambie akuletee vitano. Wengi wa hao wanaosifiwa kwa hamsini huchota konzi nzima wakakuletea, kwa sababu hawajajua bado kwamba "tano" ni idadi ya vitu na kwamba kuna mahali pa kuachia. Mwenzao anayejua hadi saba tu, lakini anayepanga sahani moja kwa kila mtu wakati wa chakula, yuko mbele yao.

Mzazi akiniuliza ushahidi, namweleza habari za New Zealand, ambako Sebastian Suggate na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago walilinganisha watoto waliofundishwa kusoma kuanzia miaka 5 na wale walioanza wakiwa na miaka 7. Walipofika takriban miaka 11, walioanza baadaye walikuwa wamekwisha kuwafikia wenzao. Finland huwaanzisha watoto wake darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka 7, na hakuna anayelalamika kwamba Wafini hawajui kusoma.

Nisieleweke kwamba nawapinga wote wanaowapeleka shule watoto wa miaka mitatu. Utafiti unaotajwa zaidi kutetea kuanza mapema ulifanyika Ypsilanti, Michigan, kuanzia mwaka 1962, kwa watoto 123 wa familia maskini, na waliopelekwa darasa la awali wakiwa na miaka 3 na 4 walionekana kuwa na maisha bora hata walipofika miaka 40. Lakini hebu tazama walichofanyiwa: walikaa darasani takriban saa mbili na nusu za asubuhi, wakipanga wenyewe mchezo, wakiucheza, kisha wakiuzungumzia na mwalimu, na kila wiki mwalimu aliwatembelea nyumbani kuongea na mama. Shule inayomkalisha mtoto kwenye dawati kutwa nzima akinakili ubaoni haina haki ya kujinadi kwa matokeo ya watoto wale.

"Basi la saa kumi na moja alfajiri humzoesha nidhamu"

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Mtoto wa Mbagala au Kibamba anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili aliwahi basi la shule, na ambaye hulala saa tatu usiku kwa sababu ndipo baba na mama wanaporudi kutoka kazini, amelala saa saba na nusu. Huyu hasinzii darasani kama mtu mzima. Huwa mkali, huuma wenzake, hulia kwa jambo dogo, na mwalimu asiyejua humwandikia mzazi kwamba mtoto ni mtundu. Ushauri wangu kwa kila mzazi ni kwamba ahesabu saa za usingizi kabla ya kuhesabu ada, na kama hesabu haifiki kumi, achague shule ya jirani hata kama sare yake haivutii. Usingizi wa mchana nao si deko, bali ni sehemu ya hesabu hiyo.

"Mkono ukipita juu ya kichwa ukagusa sikio, yuko tayari"

Kipimo hiki cha wazee kilisaidia wakati ambapo watoto wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, kwa kuwa mikono hurefuka kuliko kichwa kadiri umri unavyosogea, na wengi huligusa sikio la upande wa pili wakikaribia darasa la kwanza. Kinapima urefu wa mkono na si kitu kingine. Leo kadi ya kliniki ipo, na sera iko wazi: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mwaka mmoja wa elimu ya awali na umri wa miaka 6 kuanza darasa la kwanza. Kabla ya hapo, beibi klasi ni uamuzi wa mzazi.

"Analia, kwa hiyo hayuko tayari"

Kulia wiki za mwanzo ni kawaida, na humpata hata mtoto wa miaka mitano. Aga waziwazi, sema utarudi lini, kisha urudi wakati huohuo. Kutoroka akiwa amegeuka ndiko kunakomfanya akung'ang'anie kesho yake. Cha kutia wasiwasi ni mtoto anayekataa kula, anayerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, au anayeendelea kuogopa baada ya mwezi.

"Akae tu nyumbani, darasa la kwanza litamtosha"

Hawa ni wachache katika wanaonijia, lakini nao wanakosea. Mwaka wa awali una kazi yake ya kumfundisha mtoto kusubiri zamu, kusikiliza hadithi hadi mwisho, na kuomba msaada kwa mtu mzima asiye mzazi wake. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hutoa elimu ya awali bila ada, na nyingi ziko umbali wa kutembea kwa miguu.

Kwa anayesita bado, aende kwenye shule anayoifikiria saa nne asubuhi siku ya kawaida, wala si siku ya mahafali watoto wakiwa wamevishwa majoho. Ahesabu watoto na walimu, akijua kwamba kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Aulize wanalala wapi mchana, choo kiko umbali gani, na kama kuna mchanga, maji na vitu vya kushikwa mikononi. Akikuta ukimya na vichwa vimeinamia madaftari, mtoto wake wa miaka mitatu asubiri mwaka mmoja zaidi nyumbani, kwenye njegere na vizibo.